Studebaker ya South Bend: Kisa cha Gari Lililopendwa na Pensheni Iliyoyeyuka

Tarehe 20 Desemba 1963, siku tano kabla ya Krismasi, gari la mwisho lilitoka katika kiwanda cha Studebaker mjini South Bend, katika jimbo la Indiana, Marekani. Lilikuwa Daytona jekundu, nalo likawekwa akiba kama kitu cha historia. Leo linaonekana katika jumba la makumbusho la Studebaker katika mji huohuo. Siku kumi na moja kabla yake, tarehe 9 Desemba, uongozi wa kampuni ulikuwa umetangaza kwamba uundaji wa magari South Bend unakoma, na kwamba kazi itakayobaki itafanywa katika kiwanda kidogo cha Hamilton, jimbo la Ontario, nchini Kanada. Takriban watu 7,000 walipoteza ajira. Kiwanda cha Hamilton nacho kilifungwa Machi 1966, na jina lililokuwa limebandikwa kwenye vyombo vya usafiri kwa miaka 114 likatoweka sokoni.

Wapenzi wa muziki wa zamani katika Afrika Mashariki wana neno zuri, zilipendwa, linalobeba kwa pamoja utamu wa kitu kilichokuwapo na uchungu wa kukikosa. Wamarekani nao wana zilipendwa zao za magari. Packard, Hudson, Nash na DeSoto zilikwisha katikati ya karne ya 20. Plymouth ilikoma mwaka 2001, Oldsmobile mwaka 2004, na kati ya 2009 na 2011 Pontiac, Saturn na Mercury zikafuata njia hiyo. Kila mojawapo ina watu wanaolitunza gari lake gerejini, wanaosafiri mamia ya maili kulionyesha, na wanaoweza kueleza kwa kirefu ni uamuzi gani wa wakubwa ulioiua. Nimeichagua Studebaker kwa sababu katika kisa chake kuna swali ambalo katika chapa nyingine limefunikwa: wale wanaosema wanaikumbuka kampuni hii wanakumbuka kitu gani hasa, na nani alilipa gharama ya kitu hicho kuwa kumbukumbu?

Chanzo chake kilikuwa kidogo sana. Mwezi Februari 1852 ndugu wawili, Henry na Clement Studebaker, walifungua karakana ya uhunzi South Bend wakiwa na mtaji wa dola 68. Ndugu yao John alikwenda California wakati wa kukimbilia dhahabu, lakini badala ya kuchimba aliwaundia wachimbaji matoroli katika mji wa Placerville, na mwaka 1858 alirudi nyumbani na dola 8,000, akanunua sehemu ya Henry, na biashara ikapata damu mpya. Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani vilipozuka, jeshi la Muungano, yaani la upande wa kaskazini, lilihitaji magari ya kukokotwa na farasi kwa wingi, na karakana ikageuka kiwanda. Mwaka 1902 wakaanza kutengeneza magari ya umeme, mwaka 1904 yakafuata ya petroli, na mwaka 1920 wakaachana kabisa na magari ya farasi. Ni kampuni chache mno za enzi ya farasi zilizofanikiwa kuvuka mto huo. Familia ilikuwa na kaulimbiu yake, ambayo kampuni iliirithi na kuitangaza kwa fahari: daima toa zaidi ya ulivyoahidi. Naomba msomaji aiweke kaulimbiu hiyo akilini, kwa maana kisa kizima kinaigeukia baadaye.

Kampuni ilikaribia kufa mara moja kabla ya kufa kweli. Rais wake, Albert Erskine, aliendelea kuwalipa wenye hisa gawio kubwa kuliko faida hata baada ya mdororo wa uchumi kuanza, na Machi 1933 Studebaker ikawekwa chini ya usimamizi wa mahakama. Tarehe 1 Julai mwaka huo Erskine akajiua. Waliopewa jukumu la kuiokoa, Paul Hoffman na Harold Vance, waliiuza Pierce-Arrow, kampuni tanzu ya magari ya anasa, wakauendesha mstari wa uzalishaji hata kwa kiasi kidogo ili wafanyakazi na mawakala wasitawanyike, na mwaka 1935 wakaitoa katika ufilisi. Hoffman huyu ndiye aliyekuja kusimamia Mpango wa Marshall wa kuijenga upya Ulaya. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili kiwanda kiliunda karibu malori 200,000 ya aina ya US6, ambayo mengi yalipelekwa Muungano wa Kisovieti, na juu ya mengine askari walifunga mitambo ya kurushia roketi za Katyusha.

Nimeyaeleza haya kwa sababu hamu ya wapenzi wa Studebaker haianzii kwenye umbo la gari peke yake. Inaanzia kwenye hisia kwamba kampuni hii ilikuwa na utu ambao wenzake wakubwa wa Detroit, kitovu cha viwanda vya magari vya Marekani, hawakuwa nao. Katika miaka ya 1940 matangazo yake yalionyesha mara kwa mara baba na mwana waliokuwa wakifanya kazi pamoja kiwandani, na ujumbe ulikuwa kwamba ufundi ulirithishwa kama jina la ukoo. Matangazo hayo hayakuwa ya uongo. South Bend ilikuwa kweli na familia ambazo babu, baba na mjukuu walipita lango lilelile, na katika siku zake bora, mwanzoni mwa miaka ya 1950, kampuni iliajiri zaidi ya watu 20,000. Mishahara ilizidi ile ya washindani, na uhusiano wa uongozi na chama cha wafanyakazi wa magari, UAW, tawi namba 5, ulikuwa mwema kiasi cha kusifiwa nchi nzima. Ukweli ambao wapenzi wengi huupita haraka ni kwamba wema huo ulikuwa pia sehemu ya tatizo: kila gari lilibeba gharama kubwa ya kazi, na uongozi ulichelewa kuzungumza wazi na wafanyakazi kuhusu hilo mpaka fedha zilipokuwa zimeanza kukauka.

Kuhusu umbo la magari yenyewe, sioni sababu ya kubana sifa. Studebaker ilikuwa miongoni mwa kampuni za kwanza kabisa kuleta gari jipya kweli baada ya vita, kwa modeli za 1947, wakati wengine walikuwa bado wanauza magari ya 1942 yaliyopambwa upya. Kioo cha nyuma cha modeli iliyoitwa Starlight kilizunguka kwa upana hata watu wakawa wanataniana kwamba gari hilo halijulikani linakwenda au linarudi. Mwaka 1950 pua yake ilichongwa kama ya ndege, na mwaka huo kampuni iliuza magari ya modeli hiyo zaidi ya 300,000, kiwango ambacho haikukifikia tena. Kisha ikaja kupe (gari la milango miwili) ya 1953, iliyochorwa na Robert Bourke katika ofisi ya Raymond Loewy, Mfaransa aliyehamia Marekani. Lilikuwa gari refu, la chini, lisilo na mapambo ya chuma cha kung'aa yaliyokuwa yanapendwa wakati ule, na kwa macho yangu hakuna gari la Marekani la muongo ule linalolizidi kwa utulivu wa mistari yake.

Hata hivyo gari hilohilo ndilo linaloonyesha vizuri zaidi kwa nini kampuni ilianguka. Fremu yake ilikuwa laini mno, hivyo injini ilipowekwa, chuma kilijipinda na vipande vya bodi ya mbele vikakataa kukaa mahali pake, na uzalishaji ukakwama. Zaidi ya hapo, uongozi ulikadiria kwamba wateja wengi wangetaka magari ya kawaida ya milango minne, kumbe waliokuja madukani walitaka kupe, na wengi wakaondoka bila kununua. Yote haya yalitokea wakati Ford na General Motors zilikuwa katika vita ya bei ambayo haikumlenga mdogo lakini ilimkanyaga. Mwaka 1954 Packard ikainunua Studebaker kwa matumaini kwamba wagonjwa wawili wangeegemeana, na baada ya ununuzi ikabainika kwamba Studebaker ilihitaji kuuza magari mengi mno kuliko ilivyodhaniwa ili tu isipate hasara. Kiwanda cha Packard cha Detroit kikafungwa mwaka 1956, na mwaka 1958 jina la Packard likazikwa kabla ya lile lililokuja kuokolewa nalo.

Gari dogo la Lark, lililoingia sokoni kwa modeli ya 1959, lilileta faida na kuahirisha mauti. Fedha hizo, hata hivyo, zilielekezwa zaidi katika kununua biashara nyingine, zikiwamo za vilainishi vya injini vya STP, mashine za kilimo cha bustani na jenereta, kuliko katika kuunda gari jipya kabisa. Hili ndilo jambo ninaloliona kuwa zito kuliko yote katika sababu za kufa kwa chapa hii. Bodi ya wakurugenzi ilikuwa inajenga mlango wa kutokea. Sherwood Egbert, aliyeshika urais mwaka 1961, alijaribu kwenda kinyume na mkondo: alimwita Loewy tena, na timu yake ikajifungia katika nyumba ya kupanga huko Palm Springs, California, ikachora Avanti katika wiki chache tu. Gari hilo, lililozinduliwa Aprili 1962, lilikuwa na bodi ya nyuzi za kioo na breki za diski mbele, jambo geni kwa magari ya Marekani. Bodi zake zilitengenezwa na kiwanda cha nje, huko Ohio, na zilifika zikiwa hazilingani vipimo. Wateja waliokuwa wameweka oda walisubiri miezi, kisha wakaenda kununua kwingine. Magari yaliyotengenezwa hayakuzidi sana 4,600. Egbert, aliyekuwa akiugua saratani, aliondoka Novemba 1963, na mwezi mmoja haukupita kabla mrithi wake, Byers Burlingame, hajatangaza kufunga.

Kilichofuata katika ulimwengu wa wapenzi wa gari ni cha kushangaza kwa uaminifu wake. Chama cha madereva wa Studebaker kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1962, kabla hata ya kiwanda kufungwa, nacho kipo mpaka sasa. Mawakala wawili wa South Bend, Nathan Altman na Leo Newman, walinunua haki za Avanti pamoja na sehemu ya majengo ya zamani, wakaendelea kuiunda kwa mikono kwa jina la Avanti II, ndani yake wakiweka injini ya Chevrolet; jina hilo lilipita mikononi mwa wamiliki kadhaa na kuishi hadi karne ya 21. Vipuri vilivyobaki vilikuwa vingi kiasi kwamba kwa miongo kadhaa mtu aliweza kununua kipande cha gari la 1955 kikiwa bado ndani ya boksi la kiwandani, jambo linaloeleza kwa nini Studebaker zinazotembea leo ni nyingi kuliko mtu angetarajia kwa chapa iliyokufa zamani namna ile. Magharibi mwa mji, mahali kampuni ilipokuwa na uwanja wa kujaribia magari uliofunguliwa mwaka 1926, maelfu ya misonobari ilipandwa katika miaka ya 1930 kwa namna ya kuandika jina STUDEBAKER, kwa herufi zinazosomeka kutoka angani. Eneo hilo sasa ni bustani ya umma iitwayo Bendix Woods, na jina bado limesimama, likiwa na mizizi.

Mimi sidharau mapenzi haya hata kidogo. Mtu anayetumia jumamosi zake zote kufunga upya injini ya gari la babu yake anafanya kazi ya kuhifadhi maarifa ambayo hakuna shule inayoyafundisha tena. Lakini ukisikiliza hadithi inayosimuliwa katika mikusanyiko mingi ya wapenzi hao, utaona kwamba ina umbo moja: gari lilikuwa mbele ya wakati wake, wakubwa wa Detroit wakalibana, na dunia ikapoteza kitu kizuri. Katika umbo hilo aliyedhulumiwa ni gari. Kisa cha South Bend kinatulazimisha kumtafuta aliyedhulumiwa mahali pengine.

Mwaka 1950 Studebaker na UAW zilikuwa zimekubaliana kuanzisha mpango wa pensheni. Ili mzee aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi kabla ya mpango huo naye anufaike, utumishi wake wa nyuma ulihesabiwa, na deni lililotokana na hesabu hiyo likapangwa kulipwa na kampuni kidogo kidogo kwa miaka 30. Kila mafao yalipoongezwa katika makubaliano yaliyofuata, deni liliongezeka na muda wa kulilipa ukasogea mbele. Hakukuwa na uvunjaji wa sheria; ndivyo mipango mingi ya wakati ule ilivyoendeshwa, na chama cha wafanyakazi chenyewe kilijua. Mpango wa namna hiyo unasimama kwa sharti moja tu, kwamba kampuni iendelee kuwapo. Kiwanda kilipofungwa na mpango ukavunjwa mwaka 1964, mfuko ulikuwa haujafikia hata karibu ya kile ulichodaiwa.

Fedha zilizokuwamo ziligawanywa kwa ngazi. Wastaafu na wale waliofikisha miaka 60 na utumishi wa miaka 10, jumla yao takriban 3,600, walipata pensheni kamili. Waliofuata, wenye umri kati ya miaka 40 na 59 waliokuwa na haki inayotambuliwa na mpango, walikuwa kama 4,000. Umri wao kwa wastani ulikuwa miaka 52, na wastani wa utumishi wao miaka 23. Hawa walipewa senti 15 kwa kila dola waliyostahili, fedha za mkupuo ambazo kwa wastani zilikuwa takriban dola 600 kwa mtu. Wengine wapatao 2,900, ambao hawakuwa wametimiza masharti, hawakupata chochote. Msomaji wa Afrika Mashariki aliyewahi kuwaona wazee wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyovunjika mwaka 1977, wakifuatilia mafao yao kwa miaka na miaka, hahitaji kuelezwa sura ya mtu wa miaka 52 mwenye utumishi wa miaka 23 anayepokea hundi kama hiyo.

Hapa ndipo kaulimbiu ya familia inaporudi. Kutoa zaidi ya ulivyoahidi kuliishia kuwa senti 15, na uzito wa jambo hili unaongezeka tukikumbuka kwamba kampuni haikufa. Kilichokufa ni gari. Studebaker Corporation iliendelea na STP, jenereta na mashine zake, mwaka 1967 ikaungana na Worthington na kuwa Studebaker-Worthington, na wenye hisa waliendelea kuwa wenye hisa. Kwa mujibu wa makubaliano, madai ya wafanyakazi yalikuwa juu ya mfuko wa pensheni, hayakuwa juu ya kampuni, na mfuko ukikwisha hakuna mlango mwingine wa kubisha. Anayeiomboleza Studebaker kama marehemu kwa hiyo anaomboleza nembo. Ajira, mishahara ya familia na uzee uliopangwa kwa utulivu, hivyo ndivyo vilivyopotea kweli, na havina jumba la kuonyeshwa vikiwa vimepigwa msasa.

Mji wenyewe umebishana na kumbukumbu hii kwa zaidi ya nusu karne. South Bend ilikuwa na watu zaidi ya 132,000 mwaka 1960. Kufikia 2010 walibaki kama 101,000. Majengo ya kiwanda yalikaa matupu, madirisha yakavunjika, na kwa watoto waliozaliwa baadaye neno Studebaker lilimaanisha magofu kabla ya kumaanisha gari. Baadhi yalibomolewa, na mahali pake pakaandaliwa eneo la biashara za teknolojia. Jengo kubwa la kuunganishia magari likahifadhiwa na kukarabatiwa, na ni humo ambamo meya Pete Buttigieg alitangaza nia ya kugombea urais wa Marekani tarehe 14 Aprili 2019, akisema kwamba miji kama wake imeuziwa ahadi isiyowezekana ya kurudi katika enzi iliyopita. Naelewa alichokusudia, na kwa mji unaotaka kuishi ni sahihi kuacha kungoja kiwanda kifufuke. Ila nadhani kauli kama hiyo huweka katika kapu moja vitu viwili ambavyo lazima vitenganishwe. Mzee wa South Bend aliyesema, baada ya 1963, kwamba zamani mambo yalikuwa afadhali, hakuwa akiota. Alikuwa anataja deni, lenye kiasi kinachojulikana na mdaiwa anayejulikana, na kuliita hamu ya zamani ni kumsaidia mdaiwa.

Deni hilo liliacha alama katika sheria. Mwaka 1964 seneta wa Indiana, Vance Hartke, alipeleka muswada wa kuweka bima ya serikali juu ya pensheni za kampuni binafsi, haukupita. UAW haikuliacha jambo hilo, seneta Jacob Javits wa New York akalibeba kuanzia 1967, na South Bend ikawa mfano uliotajwa kila mjadala ulipofunguliwa upya. Tarehe 2 Septemba 1974 Rais Gerald Ford alitia saini sheria iitwayo ERISA, iliyozilazimisha kampuni kutunisha mifuko ya pensheni kwa viwango vilivyowekwa, ikampa mfanyakazi haki isiyopotea baada ya muda fulani wa utumishi, na kuunda shirika la bima linalolipa mafao pale mpango unapovunjika bila fedha za kutosha. Wamarekani wengi ambao hawajawahi kupanda Studebaker wanazeeka chini ya kivuli cha sheria hiyo.

Sheria haikurudi nyuma. Mfanyakazi aliyekuwa na miaka 52 siku Daytona jekundu lilipotoka kiwandani alikuwa na miaka 62 au 63 siku Rais Ford alipotia saini, na dola zake 600 zilibaki kuwa 600.